Tusiifundishe kuvumwani kwa chaki pekee

Katika shule niliyosomea, nyuma ya bweni palikuwa na tangi la maji lililovuja mwaka mzima. Chini yake, pale matone yalipoangukia saruji, palikuwa na zulia la kijani kibichi, laini mithili ya manyoya ya kifaranga. Kila Ijumaa wanafunzi waliochelewa gwaride walipewa brashi za waya na kuamrishwa kulikwangua zulia hilo hadi saruji ing'ae. Nami nilikuwa miongoni mwao, si mara moja wala mbili. Jumatatu iliyofuata tungeingia darasani, na mwalimu wa bayolojia angetuchorea ubaoni mmea mdogo wenye vijani vilivyozunguka kijiti, na juu yake ubua mwembamba uliobeba kikasha chenye kifuniko. Tuliunakili mchoro huo kwa penseli iliyochongwa vyema, tukaandika kwamba mmea huu hauna mizizi halisi wala mishipa ya kusafirishia maji, tukayakariri hayo yote kwa ajili ya mtihani. Hapana aliyetuambia, wala sisi wenyewe hatukung'amua, kwamba kilichochorwa ubaoni ndicho kile kile tulichokuwa tumekikwangua.

Nimekuwa mwalimu kwa miaka mingi sasa, na yamkini nimeirudia dhambi hiyo mara kadhaa kabla ya kuitambua. Shule zetu nyingi hazina maabara za kujivunia. Hadubini moja hugawanywa na wanafunzi hamsini, na kemikali huisha kabla ya muhula kwisha. Huo ni ukweli, na sikusudii kuubeza. Hata hivyo, upo mmea mmoja ambao hautaki maabara, hautaki shamba, hautaki mbolea wala dawa, unaoweza kuishi katika chupa ya jemu iliyooshwa, na ambao ndani yake mna nusu ya yale tunayoyaandika ubaoni kuhusu historia ya mimea duniani. Mmea huo ni kuvumwani. Nawaomba walimu wenzangu wanivumilie nieleze jinsi ya kuukuza, na kwa nini naona ni aibu kwetu kuendelea kuufundisha kwa chaki pekee.

Nianze na jina, maana hapo ndipo wanafunzi wetu hupotea kwanza. Neno kuvumwani limeundwa kwa maneno mawili, kuvu na mwani, ilhali mmea ninaouzungumzia si kuvu, wala si mwani. Kuvu haijitengenezei chakula; hula kilichooza au kilicho hai. Mwani nao ni ule ambao akina mama wa Unguja na wa pwani ya Kwale huulima baharini wakati wa maji kupwa. Mmea wetu wa kijani hujitengenezea chakula kwa mwanga kama mhindi au mwembe ufanyavyo. Ajabu ni kwamba jina hilo lingefaa zaidi kuitwa kiumbe kingine kabisa, yale mabaka ya kijivu na manjano tunayoyaona kwenye magome na majabali, ambayo kwa hakika ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja kama mume na mke. Baadhi yetu hutumia neno hilo moja kwa vitu vyote viwili, na mwanafunzi hubaki kizani.

Hata hivyo Waingereza hawana haki ya kutucheka. Wao huita kuvumwani ya Kihispania ule mmea unaoning'inia mitini kusini mwa Marekani, ambao kwa kweli ni wa ukoo wa nanasi na hutoa maua. Huita kuvumwani ya Ayalandi kitu ambacho ni mwani wa baharini, na kuvumwani ya kulungu wa theluji kitu ambacho ni yale mabaka ya kuvu na mwani. Yale matufe ya kijani ya Ziwa Akan nchini Japani, yanayouzwa madukani kama matufe ya kuvumwani, ni mwani mtupu. Nitaendelea kulitumia neno kuvumwani maadam ndilo tulilo nalo, ila mwalimu asiliache lipite bila kulieleza. Dakika tano za kulichambua jina hilo zitamfaa mwanafunzi wa Kiswahili sawa na mwanafunzi wa sayansi.

Sasa tuutazame mmea wenyewe. Jani la kuvumwani mara nyingi lina unene wa seli moja tu. Halina ile nta nzito inayolinda majani ya miti dhidi ya jua, na kwa hivyo maji huingia na kutoka apendavyo mwenye hewa. Kwa kuwa hauna mizizi ya kunyonya, mmea hunywa kwa mwili mzima. Zile nyuzi ndogo zilizo chini yake kazi yake kubwa ni kushikilia. Mvua ikinyesha, hulowa. Jua likiwaka, aina nyingi hunyauka, hukunja majani na kulala, zikisubiri. Mwalimu anayetaka kulishangaza darasa na achukue kipande kilichokauka juu ya ukuta wakati wa kiangazi, akitoneshee maji mbele ya wanafunzi, na waambiwe wanyamaze na kutazama. Majani yatafunguka polepole machoni pao, na rangi ya kijani itarejea kabla kengele haijalia.

Kuhusu uzazi, hapo ndipo chaki inaposhindwa kabisa. Mbegu za kiume za kuvumwani zina mikia miwili, na huogelea. Hazipeperushwi na upepo, hazibebwi na nyuki. Lazima ziogelee katika utando wa maji hadi zilifikie yai. Ndiyo sababu mmea huu, ujapokuwa umeishi nchi kavu kwa mamilioni ya miaka, haujaweza kuachana na unyevu. Yai likishatungishwa, huota ubua wenye kikasha juu ya mama yake, nao hulishwa naye. Kikasha kikikomaa hufunguka na kumwaga spora, na kila spora iliyoangukia mahali pema huwa utandabui wa nyuzi za kijani kabla ya kuchipuza mmea. Haya ndiyo tunayoyaita mpishano wa vizazi, maneno ambayo mwanafunzi huyatapika kwenye karatasi ya mtihani bila kujua yanamaanisha nini. Katika chupa iliyotunzwa vyema, huenda akabahatika kuyaona karibu yote kwa kioo cha kukuzia cha bei nafuu.

Wazo la kufungia mimea ndani ya kioo halikuanza na wapambaji nyumba wa siku hizi. Mjini London, katika karne ya 19, aliishi daktari aitwaye Nathaniel Bagshaw Ward, aliyependa mno kangaga na kuvumwani. Alijenga ukuta wa mawe nyumbani kwake ili aipande mimea hiyo, lakini moshi wa makaa ya mawe kutoka viwandani uliiua yote. Mnamo mwaka wa 1829 alimzika bundo wa nondo katika udongo mnyevu ndani ya chupa, akaifunika, akitaraji kumwona nondo akitoka. Kabla ya siku ya nondo kufika, Ward aliona kangaga mdogo na jani la nyasi vikichipuka kwenye udongo ule. Akatambua kwamba mchana unyevu ulipanda kutoka ardhini, ukatua kwenye kioo, kisha ukarudi chini, na kwamba moshi wa London haukuwa na njia ya kuingia. Mimea ile iliishi humo kwa karibu miaka minne bila kunyweshwa tone la maji.

Mwaka wa 1833 Ward alijaza kangaga, kuvumwani na nyasi katika makasha mawili ya kioo, akayapakia melini kwenda Sydney, safari ya miezi kadhaa. Mimea ilifika ikiwa hai. Tangu hapo makasha hayo yakawa chombo cha madola makubwa. Robert Fortune aliyatumia kuhamisha miche ya chai kutoka Uchina hadi India, na mwaka wa 1876 miche 1,919 ya mpira, iliyooteshwa London kutokana na mbegu za Brazili, ilisafirishwa hadi Sri Lanka katika makasha 38. Mwalimu wa historia akitaka kueleza jinsi mashamba makubwa ya kikoloni yalivyoanza, basi chupa yetu ya jemu itamfaa naye pia. Daktari Ward alitaka tu kangaga zake zisife kwa moshi. Waliomfuata walikuwa na hesabu nyingine.

Turejee shuleni. Itafutwe chupa ya kioo yenye mdomo mpana na kifuniko, ioshwe hadi harufu ya sabuni itoweke. Chini yake itandazwe changarawe kina cha vidole viwili, juu yake makaa yaliyopondwa, kisha udongo kidogo uliochanganywa na mchanga. Udongo usiwe na samadi. Kuvumwani haihitaji shibe, na samadi italeta kuvu kabla ya juma kwisha. Kipande cha kuvumwani kilichooshwa polepole kibonyezwe juu ya udongo hadi kishikane nao, maana hewa ikibaki katikati, kitakauka kutoka chini. Kinyunyiziwe maji ya mvua. Maji ya bomba huwa na klorini, na yale ya visima virefu, hasa katika Bonde la Ufa, mara nyingi hubeba chumvi ambazo ndani ya chupa hazina pa kwenda. Maji hupanda na kushuka, chumvi hubaki, na baada ya miezi michache mmea usiokuwa na mizizi ya kuchagua huzinywa zote.

Chupa iwekwe penye mwanga lakini pasipo jua. Nayasema haya kwa uchungu. Chupa yangu ya kwanza niliiweka dirishani mwezi wa Februari, nikaenda zangu kusahihisha madaftari. Niliporudi alasiri kioo kilikuwa cha moto kama sufuria, na kuvumwani yangu ilikuwa imepikika, ya hudhurungi, ikinuka mchicha uliosahauliwa jikoni. Chupa ya pili niliifuata ushauri wa jirani aliyesoma mahali fulani kwamba maziwa lala yakipakwa kwenye jiwe huharakisha kuvumwani kuota. Nilichovuna ni kuvu wa kila rangi, pamoja na nzi ambao sijui walipitia wapi.

Chupa ya tatu ndiyo iliyonifunza jambo la maana zaidi. Niliikusanyia kuvumwani kutoka juu ya ukuta wa uwanja, palipopigwa na jua kila siku. Ndani ya unyevu usiokoma, mmea ule ulirefuka, ukawa mwembamba na dhaifu kama mtoto aliyefungiwa nyumbani, kisha ukaoza. Aina za ukutani zimezoea kulowa na kukauka kwa zamu. Ukizinyima kukauka unaziua kwa wema. Chupa iliyofungwa hutaka zile za kivulini, za kando ya mfereji, za chini ya tangi linalovuja. Naam, zile zile tulizozikwangua. Tangu nilipolijua hilo, sijapoteza chupa nyingine. Kioo kikijaa matone mchana kutwa, kifuniko hufunguliwa saa moja au mbili. Kikiwa kikavu kabisa, huongezwa maji kijiko kimoja. Utunzaji wote ni huo.

Kuna njia ya pili, ya ndani ya maji, nayo huwafurahisha watoto zaidi kwa sababu ya samaki. Kuvumwani inayofugwa mno katika matangi ya samaki ulimwenguni ni ile iitwayo kuvumwani ya Java, yenye asili ya Kusini-Mashariki mwa Asia. Hata hii jina lake limekuwa na mkasa. Kwa miaka mingi wafugaji waliiita Vesicularia dubyana, hadi wataalamu walipoichunguza vyema na kuona kwamba iliyomo matangini ni nyingine, Taxiphyllum barbieri. Wauzaji wengi wangali wanatumia jina la zamani. Faida yake ni kwamba haina deko. Hustahimili joto la kawaida la nchi yetu, haitaki mwanga mkali, na wala haipandwi mchangani. Hufungwa kwa uzi wa pamba juu ya jiwe au kipande cha mti, na kufikia wakati uzi unapooza, mmea umekwisha kujishikilia. Vifaranga wa samaki hujificha ndani yake wasiliwe na wazazi wao, tabia ambayo wanafunzi huistaajabia kuliko somo lenyewe.

Adui wake ni mwani. Taa ikiwa kali, au samaki wakilishwa kupita kiasi, mwani hufunika kila jani, na kuutenganisha na kuvumwani ni kama kutoa mchanga katika unga. Ni heri kupunguza mwanga na chakula mapema. Ikiwa shule haina uwezo wa kununua tangi, chupa kubwa ya maji isiyo na samaki itatosha. Matangini mmea huu huenea kwa vipande tu. Kipande kidogo kilichokatwa huwa mmea mzima.

Hapo ndipo ninapotaka walimu wasikilize kwa makini, kwa sababu kile kinachotufaa darasani chaweza kutudhuru nje. Gugu maji lililozonga Ziwa Victoria lilitoka Amerika Kusini, na lilienezwa duniani kwa sababu watu walilipenda ua lake. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 lilikuwa limeonekana katika Ziwa Naivasha na Ziwa Victoria, na katika miaka ya 1990 wavuvi wa Kisumu walishindwa kutoa mashua zao ufuoni. Iliwalazimu wataalamu kuleta fukusi wa kulila gugu hilo, na hadi leo halijaisha. Sidai kwamba kuvumwani ya Java ina ukatili huo. Lakini mmea unaozaliwa upya kutokana na kipande chochote haufai kumwagwa mtoni, na hatari nyingine ni wale waliojificha ndani yake. Mwaka wa 2021, nchini Marekani, kome wa milia, wanaoziba mabomba ya maji na kuharibu maziwa, walipatikana ndani ya yale matufe ya mwani niliyoyataja, yakiwa yameshauzwa katika maduka ya majimbo mengi. Kwa hivyo maji ya tangi yamwagwe kwenye udongo mkavu mbali na mfereji, na mabaki ya mmea yachemshwe kabla ya kutupwa. Mwanafunzi afanye kazi hiyo kwa mikono yake mwenyewe.

Hatari ya upande wa pili ni ya kwenda msituni na gunia. Niliwahi kushuhudia basi la wanafunzi, enzi zile kabla mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku mwaka wa 2017, likirejea kutoka ziara ya mlimani likiwa na mifuko kadhaa iliyosheheni kuvumwani iliyobanduliwa mitini. Mwalimu wao alijivunia bidii yao. Kufikia Jumatano yote ilikuwa imeoza nyuma ya darasa.

Watu hudhani kuvumwani ya msituni ni pambo tu. Mwaka wa 1980 mtaalamu wa mimea kutoka Hungaria, Tamás Pócs, alichapisha matokeo ya utafiti wake katika milima ya Uluguru, nchini Tanzania. Katika msitu wa kilele, wenye miti mifupi iliyofunikwa na ukungu, alikadiria kwamba mimea inayoishi juu ya miti, ambayo sehemu yake kubwa ni kuvumwani na jamaa zake, ilikuwa na uzani wa takriban tani 14 kwa hekta moja ikiwa imekaushwa. Mimea hiyo huweza kuzuia makumi ya maelfu ya lita za maji katika hekta moja, kisha huyaachilia polepole. Uluguru ni chimbuko la vijito vya Mto Ruvu, na mkaazi wa Dar es Salaam afunguapo bomba hunywa maji ya mto huo. Nasi tuna Mlima Kenya, Aberdare, Mau, Elgon na Cherangani, na kila mwaka tunasoma magazetini kuhusu mito inayokauka. Tunahesabu miti iliyokatwa, na ni haki tuihesabu. Sijawahi kuona mtu akihesabu sponji iliyoondoka pamoja na miti hiyo, ambayo hairudi kwa kupanda miche siku moja ya mvua, kwani hukua kwa milimita na hutaka kivuli cha miti mizee.

Basi kuvumwani ya darasani itoke shuleni. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba chatosha chupa moja, na hakuna shule niliyowahi kuitembelea, hata kule kunakokauka, iliyokosa bomba linalodondoka au kona ya choo isiyofikiwa na jua. Wanafunzi wenyewe waitafute. Waandike mahali walipoipata, upande gani wa ukuta, palikuwa na kivuli saa ngapi. Darasa langu lilipofanya hivyo, mvulana mmoja ambaye hakuwa na mazoea ya kunyoosha mkono aligundua kwamba iliyoota chini ya paa la mabati yenye kutu haikufanana na ile iliyokuwa chini ya paa la vigae, akaniuliza kama kutu ndiyo sababu. Sikuwa na jibu. Tumeweka chupa mbili kandokando, moja ina msumari wenye kutu ndani, nyingine haina, na imekwisha kupita miezi miwili.

Brashi za waya bado zimo stoo. Nilimwomba mwalimu wa zamu awape wachelewaji kazi nyingine, naye alicheka, kisha akakubali kwa muhula mmoja. Chini ya tangi letu zulia limeanza kurudi, na juma lililopita, baada ya mvua ya siku tatu, lilitoa nyua nyembamba za rangi ya dhahabu, kila moja na kikasha chake. Wanafunzi walipiga magoti kwenye matope kuzitazama, na mmoja wao akauliza ni kipi kati ya vile viwili kilicho mama na kipi kilicho mtoto.